Plau ikipita, tuta linabaki mlangoni kwangu

Mhariri salamu, na wasomaji wenzangu popote mlipo. Swali lenu la wiki hii, "ungepewa rungu uondoe kero moja tu mtaani kwako kesho asubuhi, ungeondoa ipi?", limenikuta nina beleshi mkononi, kweli kabisa sitanii. Wenzangu naona mmejibu mitaro, mgao wa maji, spika za baa ya jirani. Mimi naishi Minnesota, Marekani, kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, na kero yangu ni tuta la theluji. Sio theluji, naomba hapo mnielewe vizuri, theluji ni ya Mungu inashuka kwa kila mtu sawasawa, tuta ni la halmashauri na linawekwa mlangoni kwangu mimi.

Nielezee kwa ambaye hajaona. Theluji ikishuka usiku, inapita lori kubwa lina bati la chuma mbele, limekaa upande upande, linakwangua barabara na kusukumia theluji pembeni kulia. Sisi Wabongo wa huku tunaliita plau, manake ndo jina lililokuwa karibu, na kusema ukweli linafaa kuliko tulivyofikiria, kwa sababu kazi ya plau ni nini kama sio kutengeneza matuta? Ile theluji yote iliyotolewa barabarani lazima ilale mahali, basi inalala kando, na kando ndo ulipo mdomo wa kinjia cha kutolea gari gereji. Unaweza kuwa umeamka saa kumi usiku, umefagia kinjia chako chote mpaka simenti inaonekana, mgongo unauma, unaingia ndani kunywa chai, mara unasikia kishindo, dirisha linatikisika, taa ya njano inazunguka ukutani sebuleni. Ukitoka unakuta ukuta umefika magotini, upana wa gari zima. Na sio theluji laini ile ya kwenye picha za Krismasi, hii ni mabonge yaliyoshindiliwa, yamechanganyika na chumvi na mchanga na barafu ya juzi, ukiliacha nusu saa kwenye baridi linakuwa zege.

Mimi nimekulia Marangu, Kibo ya Kilimanjaro nikiitazama kila asubuhi nikipiga mswaki. Kwa hiyo nilipokuja huku 2015 watu wakinitisha na theluji nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, nyie mtaniambia nini kuhusu theluji mimi mtoto wa mlimani. Kumbe kuitazama kitu kwa mbali ukiwa na sweta na ndizi mkononi ni jambo lingine. Mpaka leo mama akipiga simu anauliza, "Hiyo theluji mnayoifagia ndo ile ile ya kwetu?" Namwambia mama ndo hiyo hiyo, ila ya kwenu inakaa kwake.

Mwaka wa kwanza nilipanga Minneapolis mjini kabisa, hapo sikuwa na kinjia wala tuta, nilikuwa na hesabu. Mji ukitangaza dharura ya theluji kuna kanuni ya siku tatu. Usiku wa kwanza kuanzia saa tatu mpaka saa mbili asubuhi usiegeshe upande wowote wa zile barabara kubwa zenye alama. Siku ya pili, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, kwenye mitaa ya kawaida usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu upande wa namba witiri. Ndio, shufwa na witiri, zile zile za shule ya msingi ambazo mwalimu alituchapia, sikujua zitakuja kunikuta ukubwani nimesimama barabarani na simu nasoma namba za milango ya watu. Ukikosea unapigwa faini na gari linavutwa kwenda yadi. Mimi lilivutwa mara moja, na kosa lilikuwa langu, nilichanganya siku, nikatoka asubuhi nikakuta nafasi tupu imefagiwa vizuuuri, nikadhani nimeibiwa. Sikulalamika. Kanuni ile angalau unaijua mapema, inakupa saa, inakupa upande. Tuta halikupi chochote.

Nikanunua nyumba huku kitongojini, mtaa usiotokeza, ule unaoishia kwenye duara. Dalali aliusifia, "watoto watacheza hapa hakuna magari yanayopita". Kweli hakuna, hata plau haipiti, inakuja ya mwisho. Na ikija kwenye duara inazunguka na theluji yote haina pa kwenda ila kwenye midomo ya nyumba zetu sita.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natakiwa nitoke saa kumi na moja na nusu. Sasa siku ya kwanza kukutana na tuta, nikajisemea hili nitalipanda tu, nikarudi nyuma na Corolla yangu, nikakanyaga mafuta. Gari likapanda nusu likakaa juu ya tumbo. Matairi ya mbele yanazunguka hewani kama kuku aliyeshikwa miguu. Nimewahi kusukuma daladala kwenye tope mvua za masika, tope lina huruma, linateleza ila linaachia. Lile tuta halikuachia. Nililala kifudifudi kwenye barafu saa kumi na moja alfajiri nachimba chini ya gari langu kwa kijiko cha bustani, manake beleshi nilikuwa sijanunua, nalia machozi yanaganda. Kazini nilifika saa mbili kasoro, nikaandikiwa pointi ya kuchelewa, na nikizikusanya zikifika idadi yao sina kazi.

Pale kazini kuna mzee mmoja, nitamwita Babu, ana miaka 84 na maneno mengi. Nilivyofika nimelowa akaniuliza nimekutwa na nini, nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe Babu ameendesha plau miaka zaidi ya 30, kaunti nyingine kabisa. Kila mtu wa umri wake huku anakuhadithia ile tufani ya Halloween ya 1991, ilianza Oktoba 31 ikamwaga sentimita 72 hapa Minneapolis, watoto wakazunguka kuomba pipi wamevaa makoti juu ya mavazi yao ya mazimwi. Babu yeye haongelei pipi, anaongelea kukaa kwenye kiti cha plau mpaka haoni mstari wa barabara, anaendesha kwa kufuata nguzo za umeme.

Yeye ndo alinifundisha kwa nini dereva hawezi kuinua bati kwenye kila nyumba: akiliinua theluji iliyokuwa mbele yake inamwagika katikati ya barabara, na kuna nyumba kila hatua chache, atainua mara mia nane kwa zamu moja. Na akanifundisha dawa, ambayo hamna mtu wa halmashauri aliyewahi kunieleza. Simama kwenye kinjia uangalie barabara. Plau inatokea kushoto kwako inaelekea kulia. Basi theluji yako yote itupe kulia, kamwe usiiweke kushoto. Halafu pale kushoto, kabla ya mdomo wa kinjia, chimba mfuko kando ya barabara, kama hatua tatu nne, uache wazi. Plau ikija inamwaga mzigo wake kwenye ule mfuko kwanza, ikifika mlangoni kwako bati limeshapungua. Nilimtazama kama anaroga. Nikajaribu. Inapunguza nusu, wakati mwingine zaidi! Tangu hapo kila asubuhi ya theluji nikiingia chumbani kwake haniambii habari za asubuhi, anauliza, "Leo lilifika wapi?" Mimi naonyesha kwenye mguu, kifundoni au gotini, anatikisa kichwa kama daktari.

Kwa hiyo madereva siwalaumu jamani, na nimejifunza kutolaumu vitu vingine pia. Zamani nilikuwa nasema halmashauri ni bahili wa chumvi, baridi ikizidi ndo hawamwagi. Kumbe ile chumvi ya kawaida ikishafika nyuzi 9 chini ya sifuri hivi inakaribia kuwa bure, haiyeyushi kwa kasi ya maana, ndo maana siku za baridi kali wanachanganya dawa nyingine au wanamwaga mchanga tu upate kushika. Na chumvi yote hiyo ikiyeyuka inaingia kwenye maziwa, ya maji sio ya ng'ombe, jimbo ambalo namba zake za magari zimeandikwa maziwa 10,000, haitoki tena. Sawa, nimeelewa. Ukiendesha juu ya daraja asubuhi punguza mwendo, manake daraja linapigwa baridi juu na chini linaganda kabla ya barabara. Ile barafu inayoonekana kama lami iliyolowa, usiikanyagie breki ya ghafla, achia mafuta taratibu usukani uelekeze unakotaka kwenda. Na wewe mwenye gari la matairi manne kuvuta usijidanganye, matairi manne yanakusaidia kuondoka, kusimama wote tunasimama kwa neema. Hayo yote ni yangu dereva kujifunza. Tuta sio la kujifunza, ni la kupangiwa.

Hapo ndo penye hoja yangu. Utaratibu wao ni barabara kubwa kwanza, ambulensi na mabasi zipite, halafu za kati, halafu vimitaa kama chetu. Kwenye ramani ina akili kabisa. Ila tazameni nani anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Sio wale wa ofisini, wale siku ya theluji wanafungua kompyuta mezani jikoni wanaendelea na kahawa. Wanaotoka ni sisi, wasaidizi wa wauguzi, wapishi wa hospitali, wafagiaji, dereva wa lile basi lenyewe ambalo barabara imesafishwa ili lipite! Mtaani kwetu nyumba sita, nne zina watu wa shifti za asubuhi, Mliberia, Mhmong (kabila la kusini mashariki mwa Asia), Mkenya na mimi. Barabara kubwa ni safiii saa kumi, na sisi tuliotakiwa kuipita tumefungiwa nyuma ya tuta. Au basi plau ije mapema kabla hatujafagia, au ije tukishaondoka. Inakuja saa kumi na moja na dakika kumi, kama imetumwa.

Nilikwenda kwenye kikao cha halmashauri nikasema haya, dakika tatu kwenye maikrofoni, mikono inatetemeka. Walikuwa na adabu sana. Wakanijibu madereva ni wachache na saa za kazi zina sheria, na kile kifaa cha kufunga pembeni ya bati, kama mlango, kinachozuia theluji isimwagike kwenye midomo ya nyumba, kipo ila kinapunguza mwendo na kinaongeza gharama. Nina binamu Toronto, kule mji wao unapitisha mashine ya pili kufungua matuta milangoni kwa watu, pale inapowezekana. Nikawaambia hilo pia. Mmoja akaandika kwenye daftari. Hiyo ilikuwa masika ya 2023, baada ya ule msimu ulioshusha zaidi ya sentimita 225, wa tatu kwa wingi tangu waanze kupima hapa, nikadhani kama kuna mwaka watasikia ni huo.

Mambo mengine wanayafanya kwa furaha lakini. Tangu msimu wa 2020 kwenda 2021 idara ya usafirishaji ya jimbo ina shindano la wananchi kuyapa malori ya plau majina, watu wanapiga kura kabisa, wa kwanza alikuwa Plowy McPlowface, kuna mwaka likashinda Taylor Drift, wakimchezea jina mwimbaji Taylor Swift. Nilivyoambia nyumbani walisema kumbe Wazungu nao wana mabasi ya mkoani yenye majina. Mimi nimependekeza la kwangu, "Tutaonana", haijapita hata hatua ya kwanza, utani wake hakuna wa kuuelewa.

Jumanne iliyopita imeshuka tena. Nimeamka saa tisa na nusu, nimefagia, theluji yote kulia, mfuko kushoto, hatua tano safari hii nikasema leo namkomesha. Saa kumi na moja na kumi taa ya njano hiyo, nikasimama dirishani na koti langu, lori likaja, mzigo ukaanguka wote mfukoni, mdomoni kwangu pakabaki kama unga uliomwagika tu. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni, mume wangu akadhani kuna msiba. Nikachukua funguo, chakula, simu, nikapapasa glavu moja iko wapi, dakika nne hazikufika. Nafungua mlango nasikia pi pi pi pi, limezunguka duara linarudi, safari hii nafasi kwenye mfuko imeisha.

Babu aliponiuliza limefika wapi, nikaonyesha hapa, juu kidogo ya goti.