"Kwa asilimia 9" au "hadi asilimia 9"?

SWALI: Mwalimu, mimi ni ofisa wa mazingira wilayani Kiryandongo. Mikutano yetu huwa na watu wa makabila mengi, hivyo muhtasari wa ripoti nauandika kwa Kiswahili. Niliandika: "Data inaonyesha misitu ya Uganda ilipungua kwa asilimia 9 kufikia mwaka 2015." Mwenzangu mmoja anasema ni "hadi asilimia 9". Mwingine anasema data ni wingi, niseme "zinaonyesha". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, aliyekuambia "hadi" amekuokoa. Suala la data nitalijibu mwishoni, maana halina uzito kama hili la kwanza.

"Kwa" hutaja kiasi kilichoondoka, na "hadi" hutaja kiwango kilichofikiwa. Sukari ikishuka bei kwa shilingi 1,000, mnunuzi anashukuru kidogo. Ikishuka hadi shilingi 1,000, duka litajaa watu. Sokoni hakuna anayechanganya vihusishi hivi. Kwenye ripoti vinachanganywa kila siku, kwa sababu asilimia haishikiki mkononi kama noti.

Tuziangalie takwimu zenyewe. Kwa mujibu wa taarifa za sekta ya misitu nchini, mwaka 1990 misitu ilifunika asilimia 24 ya ardhi ya Uganda, hekta milioni 4.9 hivi. Mwaka 2015 ilifunika asilimia 9, hekta milioni 1.8 hivi. Sasa isome tena sentensi yako kama mkazi wa Bweyale atakavyoisikia. Inamwambia kwamba katika kila hekta 100 za misitu zimeondoka 9, na 91 bado zimesimama. Ukweli ni kwamba zimeondoka 63 hivi. Diwani akiamini kwamba ni 9 tu, ataona fedha za vitalu vya miche zinaweza kusubiri bajeti nyingine, na hatuwezi kumlaumu.

Wapo wanaochukua 24, wakatoa 9, wakaandika "misitu imepungua kwa asilimia 15". Hesabu yao ya kutoa ni sahihi, lakini sentensi inapotosha. Hiyo 15 ni sehemu ya ardhi yote ya nchi, ilhali msikilizaji akisikia "misitu imepungua" anaielewa kuwa ni sehemu ya misitu. Wataalamu husema "pointi 15 za asilimia", na katika ripoti ya kitaalamu msemo huo unafaa. Mkutanoni usiutumie. Sema hivi: "Katika kila hekta tatu za misitu tulizokuwa nazo mwaka 1990, karibu mbili zilikuwa zimekwisha kufikia mwaka 2015." Hapo hata bibi aliyekaa nyuma kabisa ameelewa, na anaweza kwenda kumweleza jirani bila kuikosea.

Kiungo kingine kinachotuangusha ni hiki kidogo "ya". "Imebaki asilimia 9 ya misitu" si sawa na "misitu imefunika asilimia 9 ya ardhi". Kila asilimia lazima iseme ni ya nini. Ukikuta ripoti haisemi, rudi kwa aliyeiandika umuulize kabla hujaifasiri.

Na kitenzi nacho ukiangalie. Eneo la misitu ya nchi nzima halipimwi kwa kamba. Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, husoma picha za setilaiti, kisha watu wake huenda kukagua baadhi ya maeneo kwa miguu. Kwa hiyo andika "inakadiriwa", si "imepimwa". Wengine hudhani neno hilo linadhoofisha ripoti. Mimi naona linaipa heshima, kwa sababu linamwambia msomaji namba ilipatikanaje.

Kosa la "kwa" na "hadi" halikai msituni tu. Mwezi Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika, na kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, kupita rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964. Nilisikia watu wakisema "maji yamepanda mita 13". Kama ziwa lingepanda mita 13, bandari yote ya Port Bell ingekuwa chini ya maji! Maji yalipanda hadi alama ya 13.42, lakini kiasi kilichoongezeka katika miezi michache kabla ya hapo kilikuwa zaidi ya mita moja. Alama hiyo si kina cha ziwa pia. Sifuri ya kipimo cha Jinja imewekwa kwenye mwinuko wa mita 1,123 hivi juu ya usawa wa bahari, na usomaji wote huhesabiwa kuanzia hapo. Kwa mvuvi wa Kasenyi au Masese, sentensi yenye manufaa ni ile ya "kwa", maana inamwambia maji yameongezeka kiasi gani tangu alipojenga.

Nakusihi uwe mkali katika hili, kwa sababu sentensi ya wilaya haiishii wilayani. Inaweza kuingia katika ripoti ya hali ya mazingira ambayo Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, huandaa kila baada ya miaka miwili, ikasomwa wizarani na bungeni, na kufikia hapo hakuna tena anayekumbuka namba ilianzia wapi.

Sasa data. Neno hili liko katika ngeli ya I-/ZI-, halibadiliki umbo, kwa hiyo "data inaonyesha" na "data zinaonyesha" zote zinakubalika. Chagua moja uishike ripoti nzima. Mimi hutumia wingi, "data hizi", kwa sababu hulala vizuri na "takwimu hizi", ila ujue kwamba data ni yale mnayoyakusanya, kama usomaji wa kila siku wa kipimo, na takwimu ni namba mnazopata baada ya kuyachambua. Katika sentensi yako, asilimia 9 ni takwimu, kwa hiyo andika "takwimu zinaonyesha".