Mchoro wa Matatu Si Sawa na Wimbo Wake

Ninyi mnaoanza kutengeneza filamu za makala hapa Nairobi mtaambiwa mapema kwamba sekunde kumi za wimbo wa mtu hazina neno. Sheria ya Kenya haina kifungu kinachosema hivyo, na nawasihi mliondoe wazo hilo kabla ya kushika kamera.

Wengi wetu husoma habari za matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa, kutoka Marekani, ambako kifungu cha 107 cha sheria ya mwaka 1976 kinamtaka hakimu apime madhumuni ya matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la mwenye kazi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ni finyu zaidi, kwani inayataja madhumuni yenyewe, yakiwemo uhakiki na kuripoti matukio ya sasa, na inataka chanzo kitajwe. Ukionyesha tangazo la zamani la televisheni na msimulizi akalichambua namna lilivyomchora mwanamke, una hoja; ukiliweka ili kuziba pengo la picha, huna.

Somo lililoniuma zaidi nililipata ndani ya matatu. Mhusika wetu alikuwa akisimulia kifo cha babake huku spika zikivuma. Michoro iliyopamba gari haikututia wasiwasi, kwa kuwa sheria inaruhusu kazi ya sanaa kuingia katika filamu kwa bahati tu, lakini ruhusa hiyo inahusu michoro, picha, sanamu na mfano wake, wala haiutaji muziki. Isitoshe, wimbo mmoja huwa na haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenyewe ni watu tofauti. Sauti ya mhusika ilikuwa imenaswa pamoja na wimbo, hatukuweza kuzitenganisha, na mazungumzo yale, ambayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa filamu, tukayakata. Tangu siku hiyo sianzi kurekodi kabla dereva hajazima muziki.

Kuhusu picha na filamu za zamani, ulinzi wake nchini hudumu miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka zilipotengenezwa au kutolewa kwa umma, kutegemea lipi lilikuja mwisho. Hata muda huo ukiisha, hifadhi ya kumbukumbu inayokupa nakala inaweza kukuwekea masharti katika mkataba, kwa hiyo usome kabla ya kutia sahihi. Na kwa kila kipande, andikeni siku ileile ya uhariri kilikotoka, urefu wake na sababu ya kukitumia, kwa maana mrushaji matangazo atauliza.