Anza na Kazi za Wasanii: Kwa Wanaotengeneza Tovuti ya Jarida la Sanaa

Wewe uliyekabidhiwa kwa mara ya kwanza kutengeneza tovuti ndogo ya kuonyesha kazi za jarida la sanaa, nakuomba usianze na rangi wala nembo. Mwombe mhariri akupe kazi zenyewe zitakazowekwa humo, kama vile mashairi matatu, hadithi moja nzima na picha za michoro, ukae nazo siku mbili kabla ya kupanga chochote. Tovuti yangu ya kwanza niliijaza maandishi ya kujazia nafasi tu. Ikapendeza machoni, lakini ilipofika zamu ya kazi halisi ikashindwa kuzibeba.

Iliyoumia zaidi ilikuwa ni tungo. Mshororo wa shairi la kimapokeo kwa kawaida una mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili, na kwenye kompyuta hutosha katika mstari mmoja bila shida. Mshairi mmoja alifungua ukurasa wake kwa simu, akaninyooshea bila kusema neno. Mshororo wake ulikuwa wa namna hii: "Jua likizama pwani, taa huwasha wavuvi". Simu ilikuwa imeukata baada ya "huwasha", na "wavuvi" likabaki peke yake chini, hivyo jicho likapoteza mpangilio wa vina ambao yeye aliuhangaikia kwa siku nyingi. Tangu hapo, ukwapi na utao naviwekea kila kimoja kisanduku chake katika msimbo (maagizo ya kompyuta yanayounda ukurasa), ili skrini ikiwa pana vikae sambamba, na ikiwa nyembamba utao ushuke wote kwa pamoja na kusogezwa ndani kidogo, msomaji ajue kwamba mshororo haujaisha. Utenzi hauna taabu hiyo, kwa kuwa vipande vyake vya mizani 8 hutosha hata kwenye simu ndogo.

Michoro nayo ina mambo yake. Faili zilizoandaliwa kwa mtambo wa kuchapa hufuata mfumo wa wino nne, ilhali skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Ukipakia faili za mtambo bila kuzigeuza, rangi huweza kuharibika, na mchoro wa Tingatinga, ambao uhai wake uko katika rangi kali za enameli, huonekana kama umepigwa vumbi. Usiruhusu pia programu iukate mchoro uwe mraba ili kurasa zilingane, kwani mara nyingi kinachokatwa ni pembe ya chini yenye sahihi ya msanii. Chini ya kila picha andika jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo na vifaa vilivyotumika.

Halafu fikiria bando la msomaji. Picha 20 zilizotoka kwenye kamera, kila moja ikiwa na megabaiti 6, ni megabaiti 120 kwa ukurasa mmoja, na hakuna mwanafunzi atakayezisubiri. Upana wa pikseli 1200 unatosha kwa picha nyingi, na mara nyingi faili hubaki chini ya kilobaiti 300; anayetaka kuona mipigo ya brashi kwa karibu aibofye mwenyewe ipakuliwe ile kubwa.

Katika msimbo, tamka kwamba lugha ya ukurasa ni Kiswahili kwa alama ya "sw", la sivyo programu zinazowasomea wasioona zinaweza kuyatamka maneno yetu kwa lafudhi ya Kiingereza. Jarida zima lililowekwa kama faili moja la PDF liwe nyongeza tu, maana safu mbili za ukurasa wa kuchapwa hazisomeki kwenye simu.

Ruhusa za wasanii ziwe za maandishi, na zitaje intaneti waziwazi, kwa kuwa aliyekubali mchoro wake uchapwe katika toleo la karatasi huenda hakukubali usambazwe mtandaoni.

Siku ya makabidhiano, usimwachie mhariri nywila na kuondoka. Kaa kando yake mpaka aweke shairi moja kwa mikono yake mwenyewe, kisha mlifungue pamoja kwenye simu yake.