Kupasua ni mpaka vitoke viwili?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi na kaka yangu tumebishana wiki nzima, yeye anasema kupasua ni kugawa kitu vipande viwili tu, vikizidi sio kupasua tena. Afu hili neno ni la Kiarabu au?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako hapo kateleza, pasua haihesabu. Gogo moja linapasuliwa mbao kumi na bado ni kupasua, na glasi ikipasuka inaweza ikawa na ufa tu, imeshikana vilevile, bado ni moja. Ukitaka viwili itabidi useme mwenyewe, pasua katikati, au pasua nusu kwa nusu.

Kinachohesabika kwenye pasua ni njia kitu kinavyofunguka. Simama mbele ya huyo gogo uone, ukipitisha msumeno kwa upana unapata vigogo vifupi, hapo umekata, ila ukilisimamisha ukalipiga shoka kichwani likafunguka kufuata nyuzi zake mpaka chini, umepasua. Hospitali nako ni hivyohivyo, aliyeondolewa mguu tunasema kakatwa mguu, ila aliyefunguliwa tumbo tunasema kapasuliwa, hatuchanganyi hata siku moja, na ndo maana kazi yenyewe inaitwa upasuaji. Mi hili linanifurahisha sana kwa kweli, hakuna aliyetufundisha darasani lakini kila mtu anajua.

Asili yake sasa. Kiarabu hapana, ni Kibantu kabisa. Kiarabu ni lile neno nusu, la kwenye "nusu kwa nusu" hapo juu. We angalia mwisho wa neno tu, pasua pasuka, rarua raruka, bandua banduka, ng'oa ng'oka, chomoa chomoka, yaani kwenye maneno kama haya ukiishia na -ua au -oa kuna mtu anatenganisha, ukiishia na -uka au -oka kitu kimeachana chenyewe. Ila usije ukadhani pasua imetokana na ile pasa ya "inakupasa uende", hapana, hizo zimefanana sura tu.

Na maana zake zimesambaa mbali, tairi linapasuka, mtu anapasuka kwa kicheko, hesabu inakupasua kichwa, na mtu akikaa na jambo moyoni muda mrefu afu siku moja akakwambia lote bila kuzunguka, huyo kakupasulia.