Kikombe cha uji na urefu wa mtoto

Huku Moshi ukisema chakula hakuna utachekwa, maana ndizi zipo, maziwa yapo, parachichi huoza chini ya mti, na dagaa sokoni Mbuyuni hawakosekani. Hata hivyo, watoto waliodumaa wapo miongoni mwetu, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya Watanzania walio chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao. Kwa jinsi nilivyolea wanangu na kuona majirani wakilea wao, naamini sehemu ya tatizo imo katika uji tunaowapa.

Mtoto wa kilo 8 hushiba kwa takriban mililita 240, yaani kikombe kimoja. Akifikisha mwaka mmoja anahitaji kama kilokalori 550 kwa siku nje ya maziwa ya mama, na uji unaochuruzika kama chai humjaza maji kabla hajapata nguvu wala protini ya kujenga mifupa na ubongo. Kwa hiyo uji uwe mzito, usidondoke upesi kijikoni, utiwe maziwa, dagaa waliosagwa au karanga zisizo na ukungu, kwani ukungu huleta sumukuvu. Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka saba, sioni faida yake kubwa: nafaka ni nafaka, na yai moja lingemfaa zaidi.

Mtoto akikataa uji mzito, usikimbilie kuongeza maji. Bibi zetu wapika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, wanakijua kimea: ulezi huloweshwa usiku kucha, ukaachwa uote katika kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu, ukaanikwa, ukasagwa. Uji ukishaiva, uipue upoe kidogo, tia kijiko kidogo cha unga huo na ukoroge. Vimeng'enya vilivyomo huvunja wanga, na uji uliokuwa umeshikana hulainika bila kupungua nguvu. Kisha uuchemshe tena, kwa sababu nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu. (Kimea peke yake si pombe, msiogope.)

Na mkienda kliniki, msiridhike na mizani pekee. Mwombeni muuguzi apime na urefu, kwa kuwa mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu na kila mtu akamsifu.