Mkuu, usigandishe rangi ndani ya ramani yako

Simama kwanza, mkuu. Unatengeneza ramani ya vituo vya daladala, na mtaalamu wako amekuambia uzalishe vigae vya picha, yaani vipande vya mraba vinavyopangwa kuwa ramani, mpaka ngazi ya 19 ya ukuzaji. Usithubutu! Nami niliambiwa hivyohivyo.

Kazi yangu ilikuwa ramani ya mitaro ya Tandale, kwa data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambazo vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, walishazikusanya mtaa kwa mtaa. Nikazalisha picha zote. Siku ya kuionyesha, mwenyekiti wa mtaa akauliza mbona Mto Ng'ombe una matawi mengi hivyo. Mto nilikuwa nimeupaka bluu, na mitaro bluu. Rangi tu! Lakini kwenye picha rangi imeshagandana na mstari, ikabidi nirudie kila kigae. Na kila ukikuza ngazi moja, kigae kimoja kinazaa vinne: kimoja cha ngazi ya 14 ni vigae 1,024 ukifika ya 19. Seva ilihangaika siku nne usiku na mchana, diski ikajaa njiani, nikalipia nyingine. Wiki iliyofuata wakataka majina ya mitaa yakuzwe. Nikaanza upya. Masika yakaingia, maji yakafika milangoni mwa watu, ramani bado haijakamilika. Aliyenishauri alishachukua chake, na simu hapokei. Inaniuma mpaka leo, maana vigae vya vekta vilikuwepo na alivijua.

Kigae cha vekta hakibebi picha. Kinabeba nukta, mistari na majina, simu ya mtazamaji ndiyo inayochora. Rangi inakaa kwenye faili lake la mtindo: unabadilisha mstari mmoja, kwisha. Unaweza kuishia ngazi ya 14, mtu akikuza zaidi mistari haififii. Ukizungusha ramani, majina hayapinduki. MapLibre, programu inayochora vigae hivyo, ni ya bure, na vigae vyote vinaingia kwenye faili moja la aina ya PMTiles. Usibebeshe tu kila kigae taarifa zisizotumika, simu za bei ndogo zitakwama.

Data ibaki data, rangi ikae nje. Wewe hasa, ambaye daladala zako zinatambulika kwa milia ya rangi! Kabla hujamlipa huyo mtaalamu, mwambie abadilishe rangi ya njia ya Mbagala mbele yako. Akisema usubiri mpaka kesho, chukua data zako uondoke.