Barua kwa mwanangu: koti la baba yako

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikisonga ugali mpaka ukashika chini. Umezunguka sana ila swali lako ni moja. Sasa unafunga kituo cha mafuta saa tano usiku huko Houston na kuondoka na mauzo ya siku, kwa hiyo umenunua bastola. Wenzako wengine wanaivaa kiunoni kila mtu aione, wengine wanaifutika ndani ya shati. Ufuate wapi, na kwa nini baba yako alikuwa anaificha?

Nianze na baba yako, maana hayo niliyaona kwa macho yangu.

Alipata leseni mwaka 1998, wewe ukiwa darasa la pili. Enzi hizo mbao zilinunuliwa kwa noti mkononi. Hakukuwa na M-Pesa. Mnunuzi alishuka na begi la hela hapa Mafinga, akamlipa baba yako, naye akageuka na begi hilohilo kwenda kuwalipa wapasuaji na vibarua msituni Sao Hill. Siku ya malipo mji mzima uliijua. Akaanzia serikali ya kijiji, akapanda hadi polisi wilayani, akaulizwa maswali mpaka akachoka, mwisho akarudi na karatasi na ile bastola.

Kuificha hakukumpa shida. Unaikumbuka baridi yetu ya Juni na Julai, ukungu mpaka saa nne asubuhi na kila mwanaume ndani ya koti zito. Lake lilikuwa lile la kijivu, na mkoba wa ngozi wa kuiwekea bastola ulikaa kwenye mkanda, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Aliketi, akainama, akapanda Fuso, usione kitu. Wewe huko unasema joto linaizidi Kyela. Mtu mwenye fulana nyepesi hafichi bastola hivihivi, itachora umbo lake kwenye nguo, na ukinyoosha mkono kushusha katoni rafu ya juu itachungulia. Itakubidi shati pana la kuachia nje na mkanda mgumu usiolegea. Usione nazungumzia nguo kama mama tu. Ukisema umeificha na watu wanaiona, umepata hasara za pande zote mbili.

Siku moja tu ilionekana. Ilikuwa mchana wa jua, Fuso limekwama, vijana wanapakua mbao ili walisukume. Baba yako akasahau, akavua koti asaidie. Mimi nilikuwa nimepeleka chakula. Nakwambia wale vijana walinyamaza kama redio iliyokatika betri. Mmoja aliyekuwa akimtania tangu asubuhi akaanza kumwita "mheshimiwa". Kibarua aliyekuwa akimdai siku mbili hakuuliza tena malipo yake mbele yake, alikuja kuniuliza mimi, jioni, kwa mlango wa nyuma. Baba yako aliumia. Alisema hajamtishia mtu, na kweli hakumtishia, lakini kile chuma kilikuwa kimeshawasemesha.

Wiki mbili baadaye tulikwenda msibani Nyololo, nyumba ikavunjwa. Redio waliiacha. Cherehani yangu waliiacha. Walipekua kabati la nguo, wakapindua godoro, wakachimba hata kwenye debe la maharage. Unaelewa walikuwa wanatafuta nini. Baba yako alikuwa nayo msibani, na tangu siku hiyo hakuvua koti mbele za watu hata jua lipasue mawe.

Najua hoja ya wenzako wanaoivaa nje. Mwizi akiiona atapita kwenda kwa mwingine, na isitoshe ni rahisi kuichomoa bila kuhangaika na nguo. Ya kwanza huenda ni kweli kwa kibaka anayebahatisha. Aliyepanga kazi yake usiku kucha haondoki, anajua tu aanze na nani. Na wakati wewe unahesabu noti au unamfungia mtu mtungi wa gesi, kiuno chako kiko wazi kwa mkono wa mtu wa nyuma. Polisi wanaovaa wazi wana mikoba yenye kishikizo ambacho mtu asiyekijua atapata shida kuifungua, na wamefunzwa kupambana na anayeshika mkoba. Wewe umefunzwa na nani?

Mwaka 2003 baba yako alikuwa kwenye basi kutoka Dar, giza limeingia, na kabla ya kufika Mlima Kitonga magogo yakalazwa barabarani. Hukuambiwa, ulikuwa shule ya bweni. Waliingia watatu, mmoja na gobore, wawili na mapanga. Baba yako alikuwa dirishani, bastola chini ya koti, pembeni yake mama mwenye mtoto mapajani. Hakuigusa. Alitoa laki nne na saa, akanyamaza. Alipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda mikono ikitetemeka, nikamuuliza, sasa ya nini hiyo tunayoilipia leseni kila mwaka? Akasema, "Basi zima lina watu, giza, mtoto yuko hapa. Ningempiga nani?" Kisha akaongeza kwamba kama wangeiona, wangeanza naye. Aliyeificha ana nafasi ya kuamua kutofanya kitu. Aliyeivaa nje ameshaamuliwa.

Sasa hayo ya huko kwenu, ambayo umenieleza vizuri mpaka nimeyashika. Kwamba Texas iliruhusu wenye leseni kubeba kwa kuficha kuanzia 1996, ikawaruhusu kuvaa wazi kuanzia 1 Januari 2016, na tangu 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria hahitaji hata leseni, ila ikionekana iwe ndani ya mkoba wake. Na kwamba ungekuwa bado na viza ya mwanafunzi, sheria ya nchi nzima ingekukataza karibu kabisa, sasa una kadi ya ukaaji wa kudumu. Sawa. Mimi nasema kachukue hiyo leseni hata kama hailazimishwi. Utakaa darasani, utapimwa shabaha, na utafundishwa wapi hupaswi kuingia nayo. Umenitajia vibao vya milangoni kwa Kiingereza na Kihispania, 30.06 cha kumkataza mwenye leseni aliyeficha na 30.07 cha kumkataza aliyevaa wazi. Ukasema kuna maduka yamebandika hicho cha pili peke yake. Hapo nilicheka. Wenye maduka wamekujibu kabla yangu: wanajua unayo, hawataki tu wateja wenye watoto waione.

Kile kibao cha baa chenye 51% kikubwa chekundu, yaani nyumba ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe, hapo hakuna mjadala, huingii nayo. Baba yako tangu 1998 hakuonja ulanzi nje ya nyumba. Wenzake walidhani ameokoka.

Kuna jambo moja umeliruka, nami sitaliruka. Wewe ni mweusi, tena mrefu, tena lafudhi yako si ya pale. Unaniambia sheria ni moja kwa wote. Kijana aitwaye Philando Castile, miaka 32, alisimamishwa na polisi akiwa ndani ya gari Falcon Heights, Minnesota, tarehe 6 Julai 2016. Silaha yake ilikuwa na kibali na haikuwa nje. Alimwambia askari kwa adabu kwamba anayo. Askari akafyatua risasi saba, mtoto wa miaka minne yuko kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachia huru askari yule. Na mzee wa kanisani kwenu alikusimulia vijana weusi wa chama cha Black Panther kule Oakland, California, walipotembea na bunduki wazi wakiwafuatilia polisi, jinsi California ilivyotunga sheria mwaka 1967 kukataza silaha yenye risasi hadharani, gavana Ronald Reagan akaitia saini. Kuficha hakukumwokoa Castile, sikudanganyi. Lakini askari aliyeitwa usiku kwenye kituo cha mafuta, akishuka garini akamkuta mtu mweusi ana bastola kiunoni, ataanza na nani? Mwizi anaweza kuwa ameshakimbia. Askari akikusimamisha, mikono juu ya usukani, na leseni na kitambulisho ukaombe ruhusa ndipo uvichukue.

Kwa hiyo jibu langu ni kuficha, na kuficha kwelikweli. Ila kabla ya hapo mwambie mwenye kituo mauzo yaondoke mchana, kwa njia na saa zinazobadilika, na usiku muwe wawili. Baba yako alipoanza kulipa vibarua kwa simu, ile bastola ilianza kulala sandukuni wiki nzima. Na wewe nunua sanduku la chuma lenye kufuli leo, si mwisho wa mwezi. Mjukuu wangu ana miaka mitano na anafungua kila kitu.

Alipofariki, niliogopa kulala nayo nyumba moja. Siku ya nne ya matanga nikaitoa risasi kama alivyonionyesha, nikaifunga kwenye khanga, nikaiweka kikapuni chini ya mboga ya chinese, mimi na baba yako mdogo tukaenda nayo polisi kwa miguu. Nilikosea, ilinipasa niwaite waje kuichukua, na askari wa zamu alinifokea mjane mzima. Lakini ile njia, mwanangu! Kila aliyenisalimia nilimwona anatazama kikapu. Muuza nyanya aliponiomba niinunue ile chinese, moyo ulitaka kutoka. Mkono wa kulia uliniuma siku mbili kwa kubana mpini tu. Nikajiuliza baba yako aliishi hivyo miaka mingapi huku akicheka na watu.

Koti bado liko. Nimelifua mara mbili na upande wa kulia bado umevutika pale mkoba ulipokuwa. Nitumie vipimo vya mabega yako kama unalitaka, ingawa kwa joto la huko sijui utalivalia wapi.

Mama yako,
Mafinga